Tairi gani ni bora? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chapa na uimara wa matairi

Chapa gani ni bora kuliko zote?

Hakuna, na wala si jibu la kukwepa. Tairi ni kama shuka fupi: ukivuta kufunika kichwa, miguu inabaki nje. Mpira laini hung'ang'ania barabara iliyolowa, lakini huisha upesi. Mpira mgumu huenda mbali, ila hupiga kelele na kuteleza mvua inaponyesha. Kila kampuni huamua ivute shuka upande upi, na kampuni hiyohiyo huvuta tofauti kwa kila modeli. Michelin huuza tairi la kwenda mbali na huuza pia tairi la mashindano linaloisha mapema sana, na yote mawili yana jina moja ubavuni. Ndiyo maana mtu anayesema "mimi nafunga Michelin tu" hajaniambia kitu mpaka ataje modeli, saizi na gari.

Ukinibana nitaje majina, basi kwa gari dogo la lami ningeanza na Michelin kama shida yako ni kilomita, Continental kama shida yako ni breki kwenye maji, na Yokohama, Hankook au Kumho kama unataka sehemu kubwa ya sifa hizo bila kulipia jina. Kwa pikapu na lori orodha hiyo inabadilika, na tutafika huko.

Makampuni haya yametoka wapi?

Makongwe yanajulikana: Continental (Hanover, Ujerumani, 1871), Pirelli (Milan, Italia, 1872), Michelin (Clermont-Ferrand, Ufaransa, 1889), Goodyear (Akron, Marekani, 1898), Yokohama (Japani, 1917) na Bridgestone (Kurume, Japani, 1931). Dunlop ni jina la John Boyd Dunlop, aliyetengeneza tairi la upepo mjini Belfast mwaka 1888. Korea Kusini wana Hankook na Kumho. India wana MRF, Apollo, CEAT na JK Tyre. Taiwan wana Maxxis. China wana Linglong, Sailun, Triangle, Double Coin, Westlake na wengine wengi.

Jambo moja dogo ambalo hunifurahisha: Charles Goodyear, aliyegundua mwaka 1839 kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupikwa hauyeyuki kwa joto wala kukakamaa kwa baridi, hakuwahi kumiliki kampuni ya Goodyear. Alifariki mwaka 1860 akiwa na madeni. Kampuni ilianzishwa miaka 38 baadaye na watu waliochukua jina lake kwa heshima tu.

Mbona nasikia chapa mbili tofauti zinatoka kwa kampuni moja?

Ni kweli, na ukilijua hili utaokoa pesa. Firestone ni ya Bridgestone tangu 1988. BFGoodrich iko chini ya Michelin. General Tire, Barum na Semperit ni za Continental. Falken ni ya Sumitomo ya Japani. Vredestein ilinunuliwa na Apollo mwaka 2009, na Cooper ikamezwa na Goodyear mwaka 2021. Metzeler ya pikipiki ni ya Pirelli.

Kampuni kubwa huweka teknolojia yake mpya kwenye chapa ya kwanza, kisha miaka michache baadaye sehemu ya teknolojia hiyo hushuka kwenye chapa ya pili. Kwa gari la kawaida la familia, tairi la daraja la pili kutoka kwa mzazi mwenye maabara ya kweli mara nyingi ndilo la kununua. Halivutii machoni, lakini limepimwa.

Dunlop ni habari nyingine. Kwa miaka mingi jina hilo limetumiwa na makampuni tofauti katika sehemu tofauti za dunia. Dunlop aliyoisifu binamu yako aliye ng'ambo inaweza isiwe na undugu wowote na hiyo unayoonyeshwa wewe.

Yale maandishi ubavuni yanasema nini?

Yanasema karibu kila kitu, na watu wengi hawayasomi. Chukua tairi lililoandikwa 205/55R16 91V, kisha inama usome nami. 205 ni upana kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 55 ya upana huo. R ni radial, yaani nyuzi za ndani zimelazwa moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Michelin ndio waliopeleka aina hii sokoni kwa kishindo, hataza ikiwa ya 1946, na leo ndiyo inayovaliwa na karibu magari yote. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Sasa sehemu ambayo hurukwa: 91 si kilo 91. Ni namba ya jedwali, na maana yake ni kilo 615 kwa tairi moja. 88 ni kilo 560, 95 ni kilo 690, 100 ni kilo 800, 112 ni kilo 1,120. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu kabisa: S ni kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210, V 240. Hutakimbia mwendo huo, lakini herufi ya juu huashiria tairi linalostahimili joto zaidi, na joto ndilo adui namba moja wa tairi.

Gari likitoka kiwandani na 95H nawe ukafunga 88T kwa sababu saizi imeingia kwenye rimu, umelivisha gari viatu vya mtoto. Chapa iwe ya mbinguni, litapasuka.

Ile namba ya "treadwear" ndiyo inayoonyesha tairi litadumu?

Inasaidia, lakini isomwe kwa akili. Ni alama ya Marekani. Matairi huendeshwa kwa msafara kwenye mzunguko wa barabara huko Texas, jumla ya kilomita kama 11,600, kisha ulaji wake hulinganishwa na wa tairi la kipimo lililopewa 100. Tairi la 400 lilionyesha kuisha polepole mara nne kuliko lile la kipimo.

Tatizo ni kwamba kampuni yenyewe ndiyo inayojipa alama. Moja hujipunja kwa tahadhari, nyingine hujipamba kwa ajili ya soko. Kwa hiyo 300 dhidi ya 600 ndani ya chapa moja ni habari ya kuaminika. 500 ya kampuni hii dhidi ya 560 ya kampuni ile ni porojo. Matairi ya LT, yaani yale mazito ya pikapu na magari mepesi ya mizigo, hayalazimiki kuwa na alama hii, kwa hiyo usishangae ukiikosa.

Na ile lebo ya rangi ya Ulaya?

Ilianza 2012 na ikaboreshwa Mei 2021. Inapima mambo matatu: tairi linavyochangia ulaji wa mafuta (A hadi E), breki kwenye barabara iliyolowa (A hadi E), na kelele kwa desibeli. Kwa kulinganisha chapa mbili za saizi moja, ile herufi ya breki kwenye maji ndiyo ningeitazama kwanza. Lakini angalia kilichokosekana: lebo haisemi lolote kuhusu tairi litadumu muda gani. Tairi lenye A mbili linaweza kuwa kipara mapema kuliko lenye C mbili.

Matairi ya China ni mabovu?

Swali lenyewe limechanganya mambo mawili. Michelin, Bridgestone na Continental wana viwanda China, kwa hiyo tairi lililotengenezwa China si lazima liwe la chapa ya China. Kisha hata miongoni mwa chapa za Kichina kuna tofauti kubwa. Linglong, Sailun, Triangle na Double Coin ni makampuni makubwa yanayouza duniani kote, na kwenye matairi ya lori, hasa ya ekseli za nyuma na trela, yana wateja wasiotaka kusikia kingine. Halafu kuna majina yanayoibuka leo na mwakani hayapo, ambayo hata mwenye duka hajui kiwanda chake kiko wapi.

Pengo ninaloliona mimi haliko sana kwenye kudumu. Tairi la bei nafuu mara nyingi hudumu vizuri tu, kwa sababu mpira wake ni mgumu. Pengo huonekana siku ya mvua mtu anapokata mbele yako. Ugumu uleule uliokupa kilomita nyingi sasa unakupa mita za ziada kabla ya kusimama. Ukiwa unakaa sehemu kavu na mwendo wako ni wa polepole, biashara hiyo inaweza kuwa sawa. Ukiwa unabeba abiria kwenye barabara kuu kipindi cha mvua, mimi nisingeifanya.

Kwa nini chapa ileile ilidumu miaka kwa rafiki yangu, kwangu ikaisha haraka?

Hili ndilo swali lenye nyama, kwa sababu hapa ndipo watu huisingizia chapa dhambi isiyo yake.

Niliwahi kuwa na pikapu iliyokula matairi mawili ya mbele kwa miezi saba. Nikaapa sitaigusa tena chapa ile. Nikafunga nyingine ya bei juu zaidi. Nayo ikaanza njia ileile. Fundi mmoja mzee hakuuliza jina la tairi hata kidogo. Alipitisha kiganja juu ya kashata, yaani ile mikato ya mpira inayogusa barabara, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja kiganja kiliteleza kama kwenye meza. Akirudi kilikwaruzwa kama na meno ya msumeno. "Gari lako linaburuta miguu," akasema. Bushi za mkono wa chini zilikuwa zimekwisha, alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu, imekimbia. Matairi yangu yalikuwa yakisukumwa kando kila kilomita, kama kifutio kwenye karatasi.

Jaribu la kiganja ni la bure, na alama za ulaji zinasomeka kama maandishi. Tairi likila kingo zote mbili na kuacha katikati, upepo ulikuwa mdogo. Likila katikati, upepo ulizidi. Likila upande mmoja tu, ni alaimenti au bushi. Likila kwa mabaka, hapa limezama pale limepanda, kagua shokapu na balansi.

Kati ya yote, upepo mdogo ndio muuaji. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyuzi za chuma ndani yake. Mfano mkubwa wa jambo hili ni wa mwaka 2000, matairi milioni 6.5 ya Firestone yaliporudishwa Marekani, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya kashata kubanduka magari yakiwa mwendoni. Kulikuwa na mabishano makali kati ya makampuni hayo mawili, lakini miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa sana ni kiwango cha upepo: Ford ilipendekeza PSI 26 (PSI ni kipimo cha upepo), kiwango kinacholainisha safari lakini kinachoacha nafasi ndogo ya makosa gari likibeba mzigo kwenye jua kali na kwa mwendo wa kasi.

Kiwango sahihi cha upepo hakiko kwenye tairi. Kile kilichoandikwa ubavuni ni cha juu kabisa. Kiwango cha gari lako kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva au kwenye kifuniko cha tangi la mafuta, na hupimwa tairi likiwa baridi, kabla ya safari.

Nina SUV na mara nyingine natoka nje ya lami. Nifunge nini?

Jiulize kwa ukweli "mara nyingine" ni mara ngapi. Wengi hununua matairi ya kashata kubwa kwa sababu ya sura, kisha huyaendesha kwenye lami siku sita kati ya saba. Kashata kubwa hutikisika kwenye lami, hupiga kelele, hula mafuta, na huisha bila kuona tope. Ikiwa asilimia kubwa ya safari zako ni lami, tairi la H/T, la barabara kuu, litakutosha na kudumu. A/T ni la mchanganyiko, na hapa BFGoodrich, Yokohama, Falken, Toyo, General na Cooper wamejijengea jina la haki. M/T ni la matope tu; mwachie anayelihitaji.

Kwenye mawe, kinachokufa kwanza ni ubavu, kashata ikiwa bado nzima. Ulizia uimara wa ubavu kabla ya kuuliza kilomita.

Na kama gari linaendeshwa na magurudumu yote manne muda wote, badilisha matairi yote kwa pamoja au hakikisha yanalingana kimo. Tofauti ya milimita chache za kashata hufanya magurudumu yazunguke kwa idadi tofauti, na difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, hubeba adhabu hiyo kila mita. Difu ni ghali kuliko matairi manne.

Pikapu na basi dogo la abiria?

Hapa usisome chapa kwanza, soma herufi. Basi dogo huvaa tairi kama 195R15C 106/104. C ni ya biashara, namba ya kwanza ni kilo 950 kwa tairi likiwa peke yake, ya pili ni kilo 900 kwa tairi moja likiwa limefungwa kwa jozi. Kuna saizi ya gari dogo inayokaribiana nayo na inayoingia kwenye rimu hiyohiyo. Kuifunga kwenye gari la abiria kumi na wanne ni kucheza na roho za watu.

Kwa pikapu ya mizigo, tairi la LT lina nyuzi nene zaidi. Lakini linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule. Ukibadilisha kutoka tairi la kawaida kwenda LT ukabaki na upepo wa kibandiko, unaweza kuwa umepunguza uwezo badala ya kuuongeza. Kosa hili nimeliona zaidi ya mara moja, na mwenye gari huwa amelipa zaidi ili alifanye.

Malori je?

Mwenye lori hanunui tairi moja, ananunua maisha matatu. Maisha ya kwanza ni kashata ya kiwandani. Baadaye tairi linaweza kuchongwa mikato upya kama limeandikwa ubavuni kuwa linaruhusiwa kuchongwa. Kisha likiisha huvalishwa mpira mpya juu ya mwili wa zamani. Kwa hiyo kwenye lori chapa hupimwa kwa mwili wake: je, baada ya kashata kuisha, nyuzi bado nzima? Hapo ndipo Michelin, Bridgestone, Goodyear na Continental hurudisha pesa waliyokutoza mwanzoni. Tairi la bei ndogo lisilokubali kuvalishwa linaweza kuwa ghali kwa kilomita, hata kama risiti yake ilichekesha.

Kuvalishwa upya si uchuuzi wa vichochoroni. Matairi ya ndege za abiria huvalishwa mara kadhaa. Kinachoharibu sifa ya kazi hii ni karakana zinazovalisha mwili uliokwisha oza.

Ekseli ya usukani ipewe tairi jipya na bora kabisa ulilonalo, la mistari mirefu, kwa mfano 315/80R22.5 lenye namba ya 156, yaani kilo 4,000. Za kuvuta zipewe kashata nene. Trela haihitaji makuu, inaburutwa tu.

Kwenye jozi za nyuma kuna jambo ambalo utingo mzuri hulijua kuliko tajiri wake. Matairi mawili ya jozi yakitofautiana kimo, hata kama ni ya chapa bora mbili, refu hubeba mzigo wote na fupi huburutwa lami siku nzima. Yote mawili yatakufa mapema kwa sababu tofauti. Na kila mkisimama, chungulia kati ya jozi: jiwe likinasa pale linasaga bavu mbili kwa wakati mmoja, na hutasikia chochote mpaka mlipuko.

Pikipiki?

MRF, CEAT, TVS na Maxxis ndizo za kazi ya kila siku. Metzeler, Pirelli na Michelin kwa pikipiki kubwa na za mwendo. Kwa pikipiki ya kubeba abiria, angalia kwanza uwezo wa kubeba wa tairi la nyuma, kwa kuwa ndilo linaloisha mapema na linapoisha hutandaza katikati kama sahani. Tairi lililotandazika hulifanya pikipiki lisite kuingia kona.

Fuata mshale ulio ubavuni. Tairi likifungwa kinyume, mifereji hushindwa kutoa maji vizuri. Usifunge la nyuma mbele ati kwa sababu lina kashata nene. Na ukibadilisha tairi la tyubu, badilisha na tyubu. Tyubu ya zamani imeshatanuka. Ndani ya tairi jipya hujikunja, mkunjo husagika, na pancha ya usiku inapatikana hapo.

Trekta?

BKT, Mitas, Trelleborg, Firestone. Swali la maana ni kama trekta linashinda shambani au barabarani likivuta trela, kwa sababu meno marefu ya shambani huliwa na lami kwa kasi ya kusikitisha.

Gari la umeme linahitaji tairi maalumu?

Betri ni nzito na mota hutoa nguvu yote papo hapo, kwa hiyo matairi huliwa haraka hata dereva akiwa mpole. Tafuta uwezo wa mzigo unaolingana na ule wa kiwandani, mara nyingi XL au HL, alama za tairi lililoongezewa uwezo wa kubeba. Neno "EV" ubavuni peke yake lisikushtue wala kukushawishi.

Tairi likiwa halijatumika, si ni jipya?

La. Tafuta neno DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Mpira huzeeka hata ukiwa umening'inia ghalani: mafuta yake hukauka, hewa huutafuna, nyufa nyembamba kama nywele hutokea kati ya kashata. Makampuni kadhaa hushauri tairi likaguliwe kila mwaka likishafika miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika kumi hata kama kashata imejaa.

Nimewahi kuuziwa matairi manne yaliyong'aa kama viatu vya bwana harusi. Nilipofika nyumbani nikalala chini ya gari na tochi, kwa sababu upande wenye tarehe ulikuwa umefungwa kwa ndani. Yalikuwa na miaka sita. Ule ung'aro ulikuwa dawa ya kupaka tu. Siku hizi nasoma tarehe kabla sijauliza bei, na nasoma kwenye kila tairi, maana mwenye duka anaweza kuchanganya moja zee ndani ya matatu mapya.

Vipi matairi yaliyotumika?

Chapa kubwa iliyotumika dhidi ya chapa ndogo mpya, mimi huchagua mpya. La kutumika huwezi kujua liliendeshwa likiwa na upepo kidogo kwa umbali gani, na madhara hayo yako ndani. Kama huna budi, lifungue litoke kwenye rimu, angalia ndani: vumbi la mpira au mduara mweusi uliosagika ukutani ni alama ya tairi lililokimbia bila upepo. Liache. Vilevile liache lililoota nundu ubavuni, hata iwe ndogo kama kifundo cha kidole. Pale nyuzi zimekatika, na upepo unazuiwa na ngozi tu.

Naweza kuchanganya chapa?

Kwenye ekseli moja, hapana. Mbele chapa moja na nyuma nyingine, sawa, mradi saizi na aina vilingane.

Nimenunua mawili tu. Yaende mbele?

Yaende nyuma, hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele. Mbele ikiteleza kwenye maji, unapunguza mwendo na usukani unarudi. Nyuma ikiteleza, gari linageuka kabla hujajua kilichotokea. Kisha yazungushe kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yaishe pamoja.

Naitrojeni inaongeza umri wa tairi?

Hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78. Geji ya mfukoni itumiwayo kila wiki mbili itakufaa zaidi.

Nitalinganishaje bei za chapa mbili?

Usiweke bei kwa bei. Gawa bei kwa kilomita. Andika kwenye daftari la gari namba ya odomita siku ya kufunga, na kina cha kashata. Tairi jipya la gari dogo huwa na milimita kama 8, na linapaswa kutoka likiwa na 1.6, kile kimo cha vinundu vidogo vilivyo ndani ya mifereji. Pima baada ya kilomita 10,000. Likiwa limepoteza milimita moja, hesabu inakuonyesha zimebaki ngapi. Ukifanya hivyo kwa seti mbili tu, utakuwa na takwimu za gari lako, barabara zako na mguu wako wa mafuta, na hakuna tangazo litakalokubabaisha. Mimi nisingengoja 1.6 kwenye mvua, lakini. Nikifika 3 naanza kutafuta mengine.

Spea nayo iwe ya chapa ileile?

Ikiwa ya saizi kamili, ndiyo, kisha iingize kwenye mzunguko badala ya kuiacha izeeke gizani. Ikiwa ni ile nyembamba yenye herufi T mbele ya saizi, chapa haina maana. Kazi yake ni kukufikisha kwa fundi, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Huhitaji upepo wa PSI 60, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na karibu kila ninayoikuta buti limefunguliwa huwa haina hata 30.